Mikono Minne kwa Miwili

Idarus hakuwa na shahada. Hakuwa na ofisi, wala kibao mlangoni chenye jina lake, wala kompyuta ya kuchorea. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo hilo nalo hakuwa nalo. Hakuwa na kiti cha kuzunguka kama walivyo nacho wahandisi, wala simu ya kupokea picha, wala mtu wa kumwita baba. Na katika mji wa Kismayu, ambako kwa miaka kumi alikuwa akiwachorea wenzake nyumba, hakuwa na nyumba.

Alichokuwa nacho ni rula ya chuma, penseli tatu, kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mkono mmoja, na cheti cha shule ya jioni. Cheti hicho alikipata Mombasa akiwa na miaka thelathini na tisa, akibeba magunia mchana na kwenda darasani magharibi. Alikitia kwenye fremu. Mkewe, Khairat, alikipangusa vumbi kila Ijumaa katika chumba chao cha kupanga.

Mji ulikuwa ukijaa. Waliokimbia mwaka wa tisini na moja walikuwa wakirudi kutoka kambini, na wengine wakiingia kutoka bara kwa sababu ya ukame. Kiwanja cha familia moja kilikatwa mara mbili, kisha mara nne. Bajaji mbili zikikutana kichochoroni, moja ilibidi irudi kinyumenyume hadi barabarani. Kamati ya Makazi ya mtaa ikapata kipande cha ardhi nyuma ya maghala ya zamani, ikaandikisha familia arubaini, na ikatafuta mchoro wa nyumba ndogo kuliko zote ambayo watu saba wangeweza kukaa kwa heshima. Kila familia ingepata futi kumi na mbili kwa futi ishirini.

Mchoro wa Idarus ulipendwa kuliko ule ulioletwa na mhandisi wa ng'ambo. Hata hivyo Bi Layla, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mtu wa tahadhari. Alitaka nyumba moja ijengwe kwanza, familia moja ikae mwezi mzima, kisha siku ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi watie saini ili thelathini na tisa zilizobaki zijengwe. Jina la mwisho katika orodha, la arubaini, lilikuwa la Idarus na Khairat.

Idarus hakukamilisha mchoro kabla ya kuona watu wake. Hiyo ilikuwa desturi yake. Alikwenda pwani maji yakiwa yametoka, akapigilia vigingi mchangani, akazungusha kamba kwa kipimo kamili cha nyumba, na familia ikaishi humo ndani ya kamba tangu chai ya asubuhi hadi alasiri. Walipika, walikula, walilala, waligombana. Yeye alikaa pembeni na daftari, akiandika nani amemkanyaga nani.

Familia iliyochaguliwa ilikuwa ya Maimuna, mjane aliyerudi kutoka kambini na watoto wake watano, pamoja na baba yake, Mzee Khamis, aliyekuwa mkata mawe kisiwani Chula enzi zake.

"Mwalimu Idarus," alisema Sadiq, fundi mwashi, akiwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, "humu kuku akitaka kugeuka itabidi apige hodi."

"Kuku hayumo kwenye orodha."

"Na mimi nikija kula?"

"Wewe utakula nje, kama ulivyozoea."

Maimuna alicheka mpaka akaegemea ukuta ambao haukuwepo, akapiga goti mchangani, na watoto nao wakacheka. Mzee Khamis peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama ndani ya kamba, mahali ambapo ngazi ingepanda, akiangalia chini.

"Na mimi mtaniosha wapi?" aliuliza.

Kila mtu alimwelewa. Idarus alijibu kwa upole, lakini bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Mzee wangu, hii ni nyumba ya watu wanaoishi. Siku hiyo ikifika, Mungu aiweke mbali, msikitini pana mahali."

"Msikitini huoshwa msafiri. Mimi nimesafiri miaka ishirini na minane chini ya turubai. Nataka kuoshwa kwangu."

Idarus alitabasamu, akasogeza kigingi kimoja kwa shubiri moja, na katika daftari hakuandika kitu.

Nyumba ilipokamilika, watu walikuja kuitazama kama harusi. Ngazi ilipanda wima, na kila kipandio kilikuwa droo. Meza iliteremka kutoka ukutani. Chini, kando ya ngazi, palikuwa na ujia wa kwenda jikoni, na usiku kitanda cha kukunja kilifunguliwa humo kwa ajili ya Afnan, binti mkubwa wa Maimuna. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo cha Mzee Khamis. Bi Layla alivuta droo zote moja baada ya nyingine.

"Hakuna shubiri isiyo na kazi," Idarus alimwambia.

Siku ya tisa tangu wahamie, Maimuna alimwita.

Sakafu ya ujia ilikuwa imelowa. Haikuwa dimbwi. Ilikuwa alama nyeusi juu ya saruji ya kijivu, ndefu kuliko upana wake, yenye pembe nne zilizonyooka kana kwamba zimechorwa kwa rula.

"Nimepangusa tangu juzi," alisema Maimuna. "Kitambaa kinatoka kikavu. Na Afnan hataki kulala hapa tena. Anasema baridi inapanda kutoka chini, inamshika mgongoni tu, kwingine hapana."

Sadiq aliitwa. Alichuchumaa, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole. "Maji ya chumvi yanapanda. Tuko karibu na bahari, Mwalimu. Saruji inakunywa."

"Saruji ikinywa, inakunywa kwa pembe mraba?"

Idarus alitoa kamba yake, akapiga magoti na kupima. Alama ilikuwa na urefu wa mikono minne kamili na upana wa mikono miwili kamili, fundo juu ya pembe. Alipoinama karibu zaidi alisikia harufu ya kafuri. Akanyanyuka haraka, akidai goti linamuuma.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, Sadiq ameshaondoka, watoto wako madrasa na Maimuna amepanda juu kuanua nguo. Idarus alibaki chini peke yake, akaandika vipimo. Ndipo aliposikia maji. Mtu alikuwa akiteka kwa kata na kumimina taratibu: mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu, kila mara kwa kigugumizi kidogo mwishoni. Alikwenda jikoni. Bomba lilikuwa limefungwa na ndoo zilikuwa tupu. Aliporudi ujiani, sauti ilikuwa imekoma, na alama ilikuwa imekolea kidogo.

Vipimo vile vilimsumbua. Mikono minne kwa miwili. Nyumbani alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kutoa karatasi zake za shule ya jioni, akazifunua moja moja mpaka akaifikia aliyoitafuta. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mwalimu aliwaambia wachore nyumba walimozaliwa, kisha waiboreshe. Idarus aliichora nyumba ya baba yake ya Chula kwa kumbukumbu: ukumbi, chumba, na nyuma kabisa chumba cha ndani. Katika sakafu ya chumba hicho cha ndani alikuwa amechora kiraka kilichoachwa bila chokaa, udongo mtupu. Mwalimu aliuliza kiraka kile ni cha nini. Idarus, aliyekuwa na hamu ya kuonekana mtu wa kisasa, alijibu kwamba ni nafasi isiyo na kazi, akakifuta na kuweka kabati. Pembeni mwa karatasi palikuwa na alama nyekundu ya vema na maneno mawili, *Safi sana*.

Alama ya kifutio ilikuwa bado inaonekana. Aliweka rula juu yake, akahesabu kwa kipimo cha mchoro. Mikono minne kwa miwili.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza Khairat.

"Sitafuti."

"Basi mbona umepauka?"

Aliikunja karatasi na kuirudisha chini kabisa ya sanduku.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini kabla ya saini, na Idarus alifanya jambo ambalo baadaye hakujitetea kwalo. Alimwambia Sadiq apige saruji mpya juu ya alama, yenye dawa ya kuzuia maji, na asimwambie mtu. Siku mbili sakafu ilikaa kavu. Siku ya tatu alama ilirudi mahali pale pale, na saruji mpya ilikuwa laini kama kioo, bila ufa hata mmoja. Sadiq akapiga tena. Ikarudi tena siku ya tatu.

Hakuna mtu aliyeikanyaga. Watoto walipotoka mbio kwenda nje waligeuka ubavu wakapita wameshika ukuta, kama watu wanaompisha aliyelala. Maimuna alipita na sufuria ya wali kichwani, ubavu. Siku moja Idarus alikuta mgongo wake mwenyewe una vumbi la chokaa ya ukutani, akajua kwamba naye alikuwa amepita hivyo tangu wiki iliyopita.

Mzee Khamis alikuwa amehamishia kiti chake mlangoni mwa chumba chake, miguu ameikunja ndani ili isiguse alama. Alikuwa amekonda.

"Naona umenichimbia," alimwambia Idarus.

"Sijachimba kitu, mzee."

"Basi yuko aliyechimba." Aliinua kidevu kuelekea sakafuni. "Hapo pana mchu anangoja," alisema, akilitamka neno mtu kama wanavyolitamka Chula. "Mchana nasikia anajaribu maji."

"Ni unyevu wa bahari."

"Nyumba ya babako nilikata mawe yake mimi, unajua? Ilikuwa ndogo kuliko hii. Nikamwambia, bwana, hicho kiraka nikipigie chokaa, watoto wapate pa kulala. Akakataa. Akasema, mtu akiingia nyumbani kwangu kwa kuzaliwa, lazima pawe na mahali pa kumtolea kwa heshima." Mzee alikohoa, akapumzika. "Mamako alioshwa pale. Hukuambiwa?"

Hakuwa ameambiwa. Alikuwa na miaka sita, na siku hiyo walimpeleka kwa jirani akacheze. Alichokumbuka ni kwamba aliporudi, mama hakuwepo, na kile kiraka cha udongo kilikuwa kimelowa. Yeye alikuwa amekaa kando yake mpaka kikakauka, bila kujua anangoja nini. Miaka thelathini na tatu baadaye alikifuta kwa kifutio, akapewa vema.

"Utafanya nini?" aliuliza Mzee Khamis.

"Nafikiri."

"Fikiri upesi, mdogo wangu. Mimi sina siku nyingi."

Idarus alikwenda nyumbani, akakaa mbele ya meza, na hakubadilisha mstari hata mmoja. Kukiongeza kiraka kulimaanisha kuondoa kitanda cha Afnan, kugeuza ngazi na kurefusha nyumba. Kurefusha nyumba kulimaanisha kupunguza idadi. Alijua hesabu hiyo bila kuiandika, na alijua ingeanza kukata orodha kutoka upande gani. Khairat alikuwa tayari ameshanunua pazia.

Mzee Khamis alifariki Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya saini, akiwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni.

Abdulhamid, mwosha maiti wa mtaa, alikuja na kitanda chake cha kuoshea begani. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi hata kwenye matanga, na watu walimvumilia kwa sababu walijua siku moja watamhitaji. Nyuma yake vijana wa msikitini walibeba jeneza. Jeneza lilifika mlangoni, likajaribu kuingia kwa urefu, likajaribu kwa ubavu, likakwama kwenye kona ya ngazi.

"Mwiteni aliyechora," alisema Abdulhamid.

"Ni mimi," alisema Idarus.

"Mashallah. Umewawekea droo hata miguuni. Mimi ungenivuta kutoka droo gani?"

Hakuna aliyecheka. Jeneza liliwekwa nje juani. Maimuna, macho mekundu, alisimama mbele ya mlango wa chumba cha baba yake.

"Haendi msikitini," alisema. "Aliomba kitu kimoja tu."

Abdulhamid aliangalia ujia, akaiona alama, na uso wake ukabadilika. Aliliweka kando kata lake. "Hapa ndipo," alisema. "Lakini nitaosha juu ya saruji, maji yaende wapi? Jikoni? Pavunjwe. Panahitaji ufuo." Na kwa kuwa vijana waliokulia kambini hawakulijua neno hilo, akawaeleza kwamba ni shimo linalochimbwa chini ya kitanda ili lipokee maji ya marehemu yasikanyagwe na mtu.

Sadiq alimtazama Idarus. Kesho yake kamati ingeingia kwa mlango ule ule. Idarus aliichukua nyundo kutoka kwenye mfuko wa Sadiq, akampa mkononi.

"Fuata alama," alisema.

Saruji ilivunjika kirahisi kuliko ilivyopasa, ikaanguka ndani badala ya kubaki mahali pake. Chini yake hapakuwa na kifusi. Palikuwa na shimo lililochimbwa tayari, pande zake laini zimesawazishwa kwa kiganja, na mteremko mdogo kuelekea ukuta wa nje. Mchanga wake ulikuwa mbichi. Harufu ya kafuri ilipanda ikajaa ujiani.

Sadiq aliiacha nyundo ianguke. "Hapa nilijaza kifusi," alisema. "Mikokoteni saba, Mwalimu. Wallahi saba. Nikashindilia kwa mikono yangu."

"Nani amenichimbia?" aliuliza Abdulhamid. Aliinama akapitisha vidole kwenye ukingo wa shimo. "Mchimbaji wa visiwani huyu. Siku hizi hawachimbi hivi." Kisha akasimama, akakiweka kitanda juu yake. Kilikaa sawasawa, pembe juu ya pembe, hakikuyumba.

Wanaume wawili walishika shuka kuwa pazia. Abdulhamid aliosha, na kwa kuwa mikono ilihitajika, alimpa Idarus kata.

"Mimina taratibu. Tatu, ngoja, kisha tatu."

Idarus alimimina. Katika kumimina mara tatu za kwanza tu aliitambua ile sauti, na hakuwa na shaka nayo, maana ilikuwa na kigugumizi kidogo mwishoni, pale kiganja chake chenye baridi yabisi kilipochelewa kugeuka. Mchana ule, siku ya tisa, alikuwa amesimama jikoni akijisikiliza mwenyewe. Alingoja kama alivyoambiwa. Kisha akamimina mara tatu nyingine. Maji yalishuka shimoni na mchanga ukayanywa yote bila kutoa sauti.

Mzee Khamis alitolewa amebebwa mikononi hadi kwenye jeneza lake, akazikwa baada ya adhuhuri.

Waliporudi kutoka makaburini Sadiq alimvuta Idarus kando. "Nina kifusi na saruji. Nikianza sasa, kabla ya magharibi nimeshamaliza. Bi Layla atakuja kesho, atavuta droo zake, atatia saini. Itachukua siku tatu kulowa tena, wewe unajua."

"Najua."

"Basi?"

"Nenda kwa Maimuna, Sadiq. Kafukie kwa mchanga safi, usipige saruji. Udongo ubaki udongo."

Katika chumba cha kupanga Idarus alichonga penseli. Jua la alasiri liliingia mpaka juu ya meza. Alikitoa kitanda cha ujiani, akaigeuza ngazi ili jeneza lipite, akaongeza futi mbili nyuma, na kando ya ngazi akachora kiraka kisichokuwa na saruji. Nyumba sasa ilikuwa ya watu sita. Katika ardhi ile zingeenea thelathini na sita.

Kisha akaandika barua. Alimwambia Bi Layla kwamba mchoro wa kwanza ulikuwa na kosa, na kwamba kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe, si la fundi. Alieleza kiraka ni cha nini, bila kutaja alama wala sauti, kwa sababu kamati haikuhitaji kuogopa ili ielewe. Alisema familia yenye watu saba itahitaji kiwanja kingine, na kwamba yuko tayari kuchora bila malipo. Aliomba majina matatu, ya thelathini na saba, thelathini na nane na thelathini na tisa, yawe ya kwanza katika ardhi itakayofuata. Jina la arubaini alilifuta yeye mwenyewe, kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni akatia saini yake kamili.

Khairat alikuwa amesimama nyuma yake muda mrefu.

"Umetutoa," alisema.

"Nimetutoa."

Nje bajaji ilipiga honi kichochoroni na nyingine ikajibu.

"Na lile pazia?"

"Mpelekee Maimuna. Mlango wa baba yake hauna."

"Nilijua tangu ulipoanza kuchonga penseli," alisema Khairat. Akatoka, akarudi na gundi na bahasha.

Idarus alikunja barua kwanza, kisha mchoro. Alipoukunja aliona kwamba karatasi ilikuwa kavu kila mahali, lakini pale kando ya ngazi, ndani ya mistari minne ya kiraka, ilikuwa mbichi. Aliigusa. Alivuta kiti karibu na dirisha na kuiweka juani, akakaa kando yake kama alivyokaa akiwa na miaka sita. Khairat hakumuuliza anangoja nini. Baada ya muda karatasi ilikauka, ikawa karatasi.

Ndipo alipoitia ndani ya bahasha, akapaka gundi, akabana kwa rula ya chuma kutoka pembe hadi pembe, akaandika jina la Bi Layla kwa herufi zake za shule. Alikwenda mlangoni, akamsimamisha Idris, jirani yao mwenye bajaji, na kumkabidhi.

"Ofisi ya kamati," alimwambia. "Mpe mkononi, kabla hawajafunga."

Idris aliiweka kifuani, ndani ya shati, akarudi kinyumenyume hadi barabarani, na akaenda.